Hodi ya Tatu

Fundi Yunusi hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa seremala wa Siyu, mtu wa kazi zake, na siku ile alipoingia nyumba moja ya mtaa wa Mkomani na kamba yake ya kupimia alidhani anatenda jambo la heri. Aliyemtuma alimwambia apime chumba cha ndani, kile cha mwisho wa nyumba chenye safu za zidaka, vile vishubaka vya mapambo, ukutani, halafu arudi kwao akachonge samadari ya bibi harusi. Basi akapima urefu, akapima upana, akafunga fundo kwenye kamba. Alipogeuka akamwona mwanamke mja mzito kasimama mlangoni, buibui li begani, ndiyo kwanza anarudi kutoka matangani.

"Kitaenea, bibi," akamwambia kwa furaha. "Ila nguzo za kitwani sharti nizipunguze, zisiguse zidaka. Mwambie Bwana Badawi, Rajabu ikiingia kitanda ki tayari."

"Kitanda cha nani?" mwanamke akauliza.

"Cha biarusi wake, yule wa Shela. Kwani wewe si dadake Bwana Badawi?" Kisha fundi akashusha sauti, maana alikuwa mtu wa adabu. "Na mgonjwa yeo aamkeye? Bwana amenambia mwenye nyumba hana siku nyingi, wakunga wamekata tamaa naye. Mngu amrahisishie."

Mwenye nyumba alikuwa ndiye yeye. Shifaa binti Husein, mke wa Badawi mwaka wa sita huo, mimba ya miezi sita, na nyumba ile alijengewa na babake kabla hajavunja ungo, kama walivyofanya mababa wa Mkomani waliojiweza. Binti hujengewa nyumba, mume huingia na sanduku lake la nguo. Badawi aliingia na sanduku moja, tena kufuli lake bovu.

Shifaa hakupiga kelele. Alimjibu fundi kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mgonjwa hajambo, akamtilia kahawa, akamsukumia sahani ya halua, akamsindikiza hadi mlangoni. Alipokwisha kwenda, akarudi ndani akaketi juu ya kitanda chake mwenyewe. Akahesabu. Maulidi yamekwisha juzi, huu ni mfungo sita. Yeye atajifungua mfungo tisa. Baada ya mfungo tisa ni Rajabu. Mumewe alikuwa amekwisha kumzika kwa kalenda.

Alfajiri ya pili yake akaenda kwa Bi Nana, mkunga, yule aliyemzalisha mara mbili na mara mbili akamfunika mtoto uso. Mara ya pili damu ilimtoka Shifaa siku tatu, na Bi Nana hakuondoka kitandani pake hata kuoga. Mtu kama huyo humwulizi jambo akakwepa. Shifaa akamwuliza wima wima.

Bi Nana akaduwaa. "Kwani Badawi hakukwambia?"

"Aniambie nini?"

"Mimba ilipokuwa na miezi mitatu nalimwita hapa hapa. Nikamwambia, mwanangu, huyu mke wako kizazi chake kimechoka. Mpeleke Mombasa mapema kwa madaktari, akae huko hata azae, wana dawa za kuzuia damu mimi sina. Akanambia, nimesikia, Bi Nana, niachie mimi, nitamwambia mwenyewe, usimtie hofu."

"Sasa je? Nikenda sasa?"

Bikizee akamshika tumbo, akalipapasa kwa vidole vyake vikavu, akatikisa kichwa. Shifaa alikuwa ameanza kuona matone ya damu tangu juma lililopita, na kusi lilikuwa limekwisha kushika, bahari ya nje inarusha vyombo. "Ukipanda chombo sasa utazalia ndiani, mwanangu, na huko hapana hata mimi."

Tuseme ukweli, Badawi hakumpa sumu wala hakumwinulia mkono. Alifanya jambo jepesi zaidi: alinyamaza, akauacha wakati upite. Mtu akimwona mwenzake anaelekea shimoni akakaa kimya, halafu akaenda kumwagizia kitanda mwanamke mwingine, mimi sijui jina lake, lakini Shifaa alikuwa nalo na alilitamka ndia nzima ya kurudi nyumbani, chini ya buibui, mpaka midomo ikamkauka. Hakuwa anaogopa kufa. Hofu iliungua siku ile ile. Alichotaka ni kimoja tu: Badawi asilale hata usiku mmoja na mkewe mpya chini ya dari ya Husein.

Maalim Khatib alifundisha madrasa karibu na msikiti, na ndiye aliyewaandikia watu hati zao za nyumba, ndoa na mirathi. Alimpokea Shifaa sebuleni kwake, mke wa maalim akakaa nao kwa heshima, na Shifaa akauliza swali lake bila ya kuzunguka.

"Maalim, nikifa na uzazi, nyumba yangu yaenda kwa nani?"

Maalim hakushangaa. Wanawake waliokaribia kujifungua walikuwa wakimjia, mmoja kutaka kulipa saumu alizokula, mwingine kuomba radhi za watu. Huyu alikuja kwa nyumba. "Wazee wako wako hai?"

"Hawako. Wala sina ndugu."

"Basi sikiza. Ukifa wewe na mwanao pamoja, mumeo hutwaa nusu. Ukifa ukamwacha mtoto hai, mumeo hutwaa robo, na yaliyosalia ni ya mtoto, lakini atakayeyashika ni babake mpaka mtoto akue."

"Na mtoto akizaliwa akalia, kisha akafa nyuma yangu?"

Hapo maalim akavua miwani. "Akilia mara moya tu, amekurithi. Na akifa, babake humrithi yeye. Hapo nyumba yote ni ya Badawi."

Shifaa akaweka mkono juu ya tumbo. Hilo la mwisho hakulifikiria. Sauti moja ya mtoto wake, ile ambayo ameililia miaka sita aisikie, ingemkabidhi Badawi funguo.

Akauliza habari ya wasia. Maalim akamwambia wasia hauvuki thuluthi. Akauliza habari ya kumpa mtu zawadi. Akaambiwa zawadi ya nyumba haitimii mpaka mwenye kutoa atoke na vyombo vyake, amkabidhi mwenziwe, na Badawi angejua siku hiyo hiyo. "Umebakia wakfu," maalim akasema. "Ukisha kusema nimeiweka wakfu, haiuzwi, hairithiwi, haitolewi. Lakini kuna mambo matatu. Mosi, mtoto wa tumboni peke yake hawekewi wakfu; anza na mtu aliye hai, mwanao afuate nyuma. Pili, ufanye sasa, ungali unatembea. Utungu ukikushika, sheria hukuhesabu mgonjwa wa mauti, na utakalotoa hapo litapimwa kwa thuluthi kama wasia."

"Na la tatu?"

"La tatu ndilo kubwa. Mtu hajiwekei wakfu mwenyewe. Ukipona, Bi Shifaa, nyumba si yako tena. Wakfu haurudi, hata ukilia damu. Umelifikiri hilo?"

"Sitopona."

"Mimi sikukuuliza utapona au hutopona. Nimekuuliza umelifikiri?"

"Andika, Maalim."

Akamwuliza mara ya pili, akamwuliza mara ya tatu, na mkewe akatia neno lake pia. Shifaa alikuwa ameshafika mbali. Alikuwa anapanga safari ya kwenda, ya kurudi hakuitia chakula. Maalim akasema basi alete jina la mtu hai, na huyo mtu akubali mwenyewe mbele ya mashahidi.

Jina alikuwa nalo kabla hajatoka mlangoni, na lilimjia pamoja na haya.

Badawi alipokuja kumposa Shifaa miaka sita nyuma alikuwa na mke, Hadia wa Siyu, mwanamke mrefu wa maneno machache, aliyekaa naye chumba cha kupanga mtaa wa Langoni. Shifaa alikuwa mtoto wa pekee, aliyezoea kuambiwa ndiyo. Alisema haingii ukewenza, Hadia aachwe, tena aachwe kwa talaka tatu kwa mpigo ili asirejewe kamwe. Badawi aliitazama nyumba, akaitazama ile mihimili ya boriti iliyotiwa rangi, akatoa tatu. Kabla hajazitoa, Hadia alikuja mwenyewe Mkomani. Alisimama dakani, kwenye baraza ya kuingilia, chini ya kipaa cha mlango, akabisha hodi. Shifaa alikuwa nyuma ya mlango ule ule, karibu hata akisikia pumzi zake. Alijua kilichomleta: alikuja kuomba iwe moja, si tatu. Kwa desturi yetu hodi ni tatu. Ukibisha ya tatu usiitikiwe, huna ruhusa ya kusimama. Geuka uende zako. Hadia alibisha ya kwanza, ya pili, akakaa kidogo, akabisha ya tatu. Shifaa akazihesabu kwa vidole, amejiziba mdomo asicheke. Kisha akasikia viatu vya Hadia vikishuka ngazi.

Sasa yeye ndiye aliyesimama Langoni mbele ya kibanda cha makuti, jasho linamtiririka, akasema hodi.

"Karibu," Hadia akaitika pale pale, hodi ya kwanza. Hilo lilimchoma Shifaa kuliko tusi.

Hadia alikuwa akisuka ukili, msuko umemzunguka miguuni. Hakuacha kusuka. Alimsikiliza mgeni wake mpaka mwisho: kitanda, Mombasa, Bi Nana, maalim. Vidole vyake havikukosea hata mara moja.

"Wanipa nyumba," akasema mwisho.

"Ukae maisha yako. Ukifa wewe ni ya mwanangu. Mwanangu akiwa hayuko, ni ya wajane wa mui huu."

"Mui mzima huu, umeniona mimi?"

"Wewe alikutoa kwa tatu. Hawezi kulala dari moya nawe. Hawezi hata kupita mlangoni ila umwambie karibu."

"Kwa hiyo mimi ni kufuli."

Shifaa alikuwa amechoka kusema uwongo. "Ndiyo."

Hadia akacheka, kicheko kifupi cha puani, akampima mgeni kwa macho kuanzia ushungi hadi nyayo zilizovimba. "Alau umesema. Na ukipona, Shifaa?"

"Sitopona."

"Nauliza ukipona."

"Basi nikipona utanikaribisha," Shifaa akajibu kwa haraka, kama mtu anayetaja jambo lisilokuja.

Hadia akakata ukili kwa meno. "Nakubali nyumba," akasema. "Na hilo lako la mwisho pia nimelisikia."

Tusidanganyane kwamba Shifaa alimchagua Hadia kwa wema, au kwamba alikuwa anatubu. Angekuwa anatubu angeomba radhi, na siku ile hakuomba. Alimchagua kama mtu anavyochagua kisu, kwa makali yake. Hati ikaandikwa tarehe ishirini na mbili ya mfungo sita, mashahidi wawili wanaume wazima, na maalim akaipeleka kwa kadhi ikatiwa muhuri. Shifaa akamwambia, "Siku utakayosikia nimenyamaza, isome." Akarudi nyumbani kumpikia mumewe wali wa nazi.

Miezi mitatu na zaidi akaishi naye. Akamtilia maji ya kuogea, akamtandikia. Badawi alikuwa mpole mno siku hizo, upole wa mtu anayeaga. Alimletea machungwa, akamwuliza hali yake kila asubuhi huku macho yakipanda ukutani kwenye zidaka. "Usijisumbue, mke wangu," akimwambia. Shifaa alikuwa akimtazama akila, akisema moyoni, kula, kula, hujui unakula kwa nani. Hakuwahi kumchukia mtu kwa raha kama ile. Usiku alilala usingizi mzito.

Utungu ulimshika baada ya sala ya alfajiri, mfungo tisa umebakiza siku nne. Bi Nana akaja na wanawake wawili, wakafungua milango yote ya nyumba na vifuniko vya makasha yote ili uzazi usifungike. Kabla ya adhuhuri mtoto akatoka, wa kike, akalia sauti iliyofika hadi msikitini. Shifaa aliisikia. Aliisikia vizuri, mara moja, mara mbili, akatabasamu, na hapo damu ikaja kama mara ile ya pili, na zaidi. Bi Nana akakanda, akafunga, akasoma, akakanda tena. Wanawake walioshika miguu wakaanza kulia kwa sauti ya chini, na wa nje wakaisikia kwa sauti ya juu, wakadhani amekwisha kufa.

Dakani walikuwa wamekaa wanaume wa mtaa, kama ilivyo ada, wamemzunguka Badawi kumpa moyo. Maalim Khatib alikuwemo. Kilio kilipotoka ndani, Badawi akajifuta uso kwa leso, akainuka, akamnong'oneza mtu mmoja. Mtu yule akaenda pwani. Ilipofika alasiri, uchochoro wote ulisikia hamali wanne wakiitana njia, na mbele ya macho ya wanaume wale ikatua samadari mpya ya Siyu, nguzo zimefungwa magunia, kazi safi ya Fundi Yunusi. Chombo kilikuwa kimeishusha tangu jana yake.

Mzee mmoja akatazama kitanda, akatazama mlango, akainamisha kichwa.

"Nimekiagizia mgeni," Badawi akasema. "Kiwekwe hapa dakani, kisipate mvua."

Maalim Khatib akatoa karatasi kifuani mwa kanzu yake, akavaa miwani, akasoma. Alisoma pole pole, tangu bismillahi hadi muhuri wa kadhi. Nyumba ya Shifaa binti Husein ni wakfu, atakaa Hadia binti Athman wa Siyu umri wake wote, baada yake uzao wa Shifaa, baada yao wajane.

Shifaa alikuwa amelala ndani, mwisho wa nyumba, macho yamefumba na fahamu zinaingia na kutoka. Lakini milango yote ilikuwa wazi. Sauti ya maalim ikapita uani, ikapita kumbi mbili, ikamfikia kama inatoka kisimani. Halafu akasikia sauti ya Badawi, ile ya kweli, isiyokuwa na machungwa.

"Hati hii haisimami! Ni wakfu wa mgonjwa wa mauti. Ipimwe kwa thuluthi!"

"Utungu umeanza yeo alfajiri," maalim akasema. "Hati ni ya mfungo sita. Aliniyia kwa miguu yake. Mja mzito anayekwenda matangani na sokoni si mgonjwa."

"Alikuwa mgonjwa tangu mwanzo! Alikuwa wa kufa tangu mimba ya miezi mitatu! Muulizeni Bi Nana, alinambia mwenyewe, alinambia hatopona!"

Badawi mwenyewe alilisikia neno lake lilipokwisha kutoka. Wanaume wote walilisikia. Mke wake alikuwa wa kufa, yeye alikuwa anajua miezi sita, na mbele yao kilikuwapo kitanda.

Bi Nana akatoka mpaka mlangoni, mikono imelowa damu hadi viwikoni. Hakuwa na haya tena ya wanaume. "Na la pili nililokwambia, Badawi? Liseme nalo. Nilikwambia mpeleke Mombasa."

Yule mzee wa mwanzo akainuka, akavaa viatu, akaondoka bila ya kumuaga Badawi. Akafuata wa pili. Wakaondoka mmoja mmoja, kimya, mpaka dakani wakabaki maalim, Badawi na samadari. Na ndani ya chumba cha zidaka Shifaa akafumbua macho, akasema, "Mayi."

Wanawake wakadhani ni la kukata roho. Wakamtia maji midomoni. Akanywa yote, akataka mengine. Bi Nana alizalisha watoto wa visiwa vyote hivi na mpaka kufa kwake akisimulia kwamba damu ile ilizuiwa na Mungu, lakini Mungu alitumia hasira. Shifaa alitaka kuuona uso wa Badawi akiondoka, na mtu hawezi kuona akiwa amekufa.

Siku ya saba, siku ya akika, mtoto akaitwa Swafiya. Hadia akaja na mkeka wake na kikapu kimoja, akapokea funguo mkononi mwa maalim. Badawi alikuwa amehamia dukani kwake. Siku ya nane akaja kutaka sanduku lake, na labda kutaka zaidi ya sanduku. Akasimama dakani kando ya kitanda chake.

"Hodi," akasema.

Hadia alikuwa ameketi nyuma ya mlango, anapepeta mchele. Hakuitika.

"Hodi," Badawi akasema tena, sauti imekwaruza.

Ungo ukaendelea. Ndani, kitandani, Shifaa alijaza pembe ya shuka mdomoni. Machozi ya kicheko yalimtoka, tumbo likamuuma kwa kucheka. Raha aliyoipata saa ile hakuipata katika ndoa yake nzima. Akahesabu kwa vidole.

"Hodi!"

Kimya. Viatu vikashuka ngazi. Alasiri Hadia akalitoa sanduku mwenyewe na kufuli lake bovu, akalitua uchochoroni, akafunga mlango. Kabla ya juma kwisha Badawi akaleta talaka kwa karatasi, na watu wa Shela wakarudisha posa. Baba wa binti alisema hamwozi mtu ambaye hata mlango wa kubisha hana. Samadari ilibaki dakani. Haikuwa na pa kwenda, ilikatwa kwa kipimo cha chumba kimoja tu duniani.

Hadia aliporudi chumbani na bakuli la uji wa pilipili manga alimkuta Shifaa bado anafuta macho.

"Umemsikia?" Shifaa akasema. "Zote tatu!"

"Nimemsikia." Hadia akamwekea bakuli mkononi. Hakuwa anacheka. "Siku ile yangu mimi pia nalihesabu, Shifaa. Nalikuwa naona kivuli chako tini ya mlango."

Shifaa akaliweka bakuli chini. Alitaka kusema neno, na lile neno aliloliruka Langoni lilikuwa tayari ulimini, lakini Hadia alikuwa ameshageuka kumbadilisha mtoto nepi. Alimhudumia mzazi yule siku arubaini bila ya kasoro. Alimkanda, alimpikia, alimfunga tumbo, aliamka mtoto akilia. Hakumwambia neno baya hata moja, wala neno jema. Shifaa alikuwa akimtazama na bunda la funguo kiunoni, akaanza kulala usingizi mwepesi.

Siku ya arubaini mzazi hutoka. Shifaa akaoga, akajifukiza udi, akavaa buibui, akambeba Swafiya akampeleka kwa Bi Nana kutoa shukrani, kisha makaburini kumwonyesha Husein mjukuu wake. "Nyumba yako haikuingia mtu, baba," akamwambia. Alisema kwa fahari. Aliposema akasikia baridi, maana alikumbuka kwamba na yeye pia ni mtu.

Aliporudi, jua limepinda, aliona kwanza kwamba daka li tupu. Samadari haipo. Pale ilipokaa siku arubaini pamebaki alama nne za nguzo sakafuni. Kupitia tundu la dirisha la sabule, kile chumba cha nje cha kulaza wageni, aliona kasha lake la nguo, na kitanda chake, na susu ya kulazia mtoto. Vyote vimepangwa vizuri, vimefutwa vumbi. Ndani kabisa, chini ya zidaka alizozihesabu tangu utotoni, alijua bila ya kuingia nani anatandika wapi.

Akasukuma mlango. Ulikuwa na komeo kwa ndani.

Alisimama. Mtoto akajinyonganyonga begani, ana njaa. Shifaa angeweza kugonga kwa ngumi, angeweza kupiga kelele mtaa mzima ukaja, na mtaa ungekuja, na Maalim Khatib angekuja na karatasi yake akaisoma tangu bismillahi. Alitazama chini ya mlango. Palikuwa na kivuli, kimetulia.

"Hodi," akasema.

Ungo haukusikika.

"Hodi, Bi Hadia." Miaka sita alikuwa akimwita Hadia tupu.

Kivuli hakikusogea. Swafiya akaanza kulia, sauti ile ile ya kwanza. Bado moja. Akimaliza hiyo moja bila ya jibu, desturi inamtaka ageuke. Akaifahamu hapo, kwa mara ya kwanza katika umri wake, hodi ya tatu ni nzito namna gani. Akaifahamu na kwa nini yule mwanamke alikaa kidogo kabla ya kuisema. Naye akakaa kidogo.

"Niwie radhi," akauambia mlango. Kisha akasema, "Hodi."

Komeo likavutwa, taratibu, kwa starehe ya mtu asiye na haraka. Hadia akasimama kizingitini, funguo kiunoni, akamtazama yeye, akamtazama mtoto, akapisha upande wa sabule.

"Karibu, mgeni," akasema.